Klarineti Inayongoja Zamu

Ole, Pemba
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Faki,

Salamu za baba zikukute umekaa mahali pazuri melini, penye upepo, mbali na mashine, maana tumbo lako nalijua tangu siku ile uliyopanda gari la Mkoani ukiwa na miaka saba na ukamharibia kanzu yake shehe wa watu aliyekaa mbele yako.

Barua hii umeikuta ndani ya sanduku la klarineti, katika kile kitanda cha pili cha mahameli ambacho kwa mwezi mzima umekiona kitupu. Nimeiweka hapo makusudi. Najua huwezi kumaliza saa moja bila ya kulifungua sanduku ukaangalia kama klarineti yako Fupi imelala sawa, na nilitaka ukilifungua macho yako yaanguke penye pengo la mwenzake Ndefu.

Habari za kula, za kuswali kwa wakati, za kutotembea kichwa wazi mvuani, mama'ko ameshakupa, na amezirudia mpaka nadhani hata paka wetu sasa anaweza kwenda kuishi Unguja bila ya tabu. Mimi sina la kuongeza huko. Nina jambo jengine, nami nitalisema hapa mwanzoni kabla mkono haujapata uvivu. Ndefu haikupasuka. Nilikudanganya.

Siku ilipokuja ile barua kutoka mjini, uliniletea dukani ukiwa unahema. Nilikuwa nakata koti la mwalimu mmoja wa skuli. Ukanisomea kwa sauti mbele ya wateja kwamba kiongozi wa okestra amekukubali, na kwamba uje na klarineti zako zote mbili, kwa sababu nyimbo zao hubadilisha sauti ya kuanzia baina ya wimbo na wimbo, na mara nyengine katikati ya wimbo. Nilikupongeza. Wateja nao wakakupongeza. Ulipoondoka niliutazama mkono wa koti, nikaona nimeukata mfupi kwa vidole viwili. Mwalimu yule mpaka leo anavaa koti lenye mikono isiyolingana na anadhani ni bega lake.

Siku tatu baadaye nikakwambia kwamba mvua za masika zimeufungua ule ufa wa zamani wa Ndefu, na kwamba nimempelekea fundi wa Wete. Hakuna fundi wa Wete. Ndefu ilikuwa dukani kwangu, ndani ya kasha, chini ya majora ya vitambaa, hatua tano kutoka pale unapokaa kunywa chai. Nilitaka ufike mjini na Fupi peke yake, wakusikie vidole vinakukwama kwenye zile nyimbo zake Ndefu, wakwambie kwa adabu urudi kwenu ukajifunze kwanza. Nilitaka urudishwe, Faki. Nimeyaandika hayo na sasa nayatazama, na hayapendezi hata kidogo.

Ili unielewe, si ili unisamehe haraka haraka, inanibidi nikurudishe nyuma, kwenye kosa jengine nililolifanya kwa klarineti hiyo hiyo. Hilo hujawahi kuhadithiwa. Ami Shaame, mpiga udi wetu, hakulisema kwa sababu ya ukarimu wake, na mama'ko hakulisema kwa sababu alikuwa akiliweka akiba.

Unajua kwamba babu yako alikuwa mpiga zumari. Zumari moja ilimtosha umri wake wote. Akipiga, ngoma ndiyo iliyomfuata yeye, na mwimbaji akiona sauti iko juu sana ilikuwa shauri yake. Mimi ningebaki hapo hapo lau si yule Mgoa mstaafu wa bendi aliyehamia Chake Chake, ambaye nilimshonea suruali akanilipa kwa kunifundisha. Miaka miwili nilikwenda kwake kila Jumapili kwa baiskeli. Alipokwenda kwao moja kwa moja aliniachia sanduku hilo ulilolipakata sasa, lenye vitanda viwili vya mahameli. Yeye aliziita klarineti zake kwa herufi za Kizungu. Sisi tuliziita Fupi na Ndefu, na hakuna aliyepotea.

Mara ya kwanza nilipoziona mbili nilidhani moja ni ya akiba, kama gurudumu la gari. Akacheka sana. Akanieleza kwamba mwenye fidla na mwenye udi wakitaka kushusha wimbo husogeza vidole tu, lakini klarineti imetobolewa matundu yake kiwandani na ina sauti inazozipenda na sauti inazozichukia. Ukiilazimisha kwenye zile inazozichukia, vidole vinafungana kama miguu ya mbuzi kambani. Kwa hiyo mpigaji mwenye akili hubeba mbili, na wimbo ukishuka naye hushuka kwa kubadilisha chombo. Kinywa ni kimoja tu. Unakichomoa kile kipande cha juu pamoja na ulimi wake wa tete uliokwisha kulowa, unakichomeka kwenye nyengine, unaendelea. Hayo unayajua, nimekufundisha mwenyewe. Nayaandika kwa sababu leo napenda kuyaandika.

Lililonitesa miaka ile ya mwanzo si kubadilisha. Lilikuwa lile linalotokea baada ya kubadilisha. Klarineti unayoipuliza ina joto la pumzi zako. Ile inayongoja zamu imelala chini inapigwa na upepo, na ukiichukua ghafla inaimba chini ya wenzake, kidogo tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina lake. Baada ya pumzi kumi inapanda inakaa sawa, lakini hizo pumzi kumi ndizo mwanzo wa wimbo, na mwanzo wa wimbo ndio watu wote wananyamaza kusikiliza. Nilijaribu kuiweka kwapani. Nilijaribu kuizungushia kikoi. Siku moja niliiegemeza kwenye birika la kahawa, mwenye kahawa akanifukuza.

Aliyepata dawa ni mama'ko. Katika harusi, kama unavyojua, wapigaji huketi upande wa wanaume na pazia linapita nyuma ya migongo yetu. Basi mama'ko, Bi Mize, akaja akaketi nyuma ya pazia, mgongo wangu na magoti yake vikakaribiana, akaingiza mkono chini ya kitambaa na kuichukua Ndefu. Akaipakata ndani ya kanga. Anazijua nyimbo zetu zote kuliko mimi, kwa hiyo baiti ya mwisho ikikaribia Ndefu ilikuwa inachomoza chini ya pazia yenyewe, ina joto kama mkate, na Fupi inaingia ndani kuchukua nafasi yake. Watu wa mbele hawakuona kitu. Waliona tu kwamba Kombo wa Ole anabadilisha klarineti na sauti haitikisiki, wakasema nina mkono.

Ulipozaliwa wewe alikuja nawe. Ulikuwa na siku hamsini na kitu. Basi ulilala huku na Ndefu imelala huku, kanga moja, na mama'ko ananiambia kwamba nikiipiga ulikuwa ukiinua kichwa kuitafuta imekwenda wapi. Nadhani hapo ndipo ulipoanza, si kwangu.

Miaka minne mambo yakaenda hivyo, vizuri kabisa, na mimi nikazoea kusifiwa. Kisha siku moja barazani mtu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ameshakufa na alikuwa mcheshi tu, akasema mbele ya watu kwamba wanaume wengine hupashiwa chai na wake zao, lakini Kombo hupashiwa muziki. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikuwa nacheka tena.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya Zuwena, binti yake Ami Shaame. Wewe unamjua Shaame wa sasa, mzee anayesinzia na udi mapajani. Wakati ule alikuwa ndiye kiongozi wetu, mpiga udi na mwimbaji, na alikuwa amemtungia mwanawe wimbo. Miezi mitatu alikuwa akiutengeneza. Aliuweka chini, kwenye sauti ya Ndefu, kwa sababu alisema hataki kumuaga mwanawe kwa kupiga kelele. Mimi ndiye niliyekuwa niufungue wimbo ule peke yangu, kisha udi wake uingie, kisha yeye aimbe.

Asubuhi ya harusi nikamwambia mama'ko asikae nyuma ya pazia. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia akae na wanawake wenzake afurahi, kazi ya kiume niachie mwenyewe. Alikunja kanga yake akaiweka, akavaa nyengine mpya, na siku nzima hakunitazama.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Uwanja wa Shaame wote ulikuwa majamvi, na juu ya majamvi karafuu zimeanikwa siku ya tatu, zimeanza kuwa nyekundu nyeusi, na jua la mchana linawaka. Ukiingiza mkono ndani ya karafuu zilizoanikwa saa nane ya mchana unajua joto lake, linakaa mkononi. Basi mimi, fundi mkubwa, nikaona nimegundua. Nikaichukua Ndefu nikaifukia katika jamvi la pembeni, nikaifunika vizuri kama muhogo ndani ya majivu, na nikaenda zangu kupiga nyimbo mbili za kwanza kwa Fupi. Nilifurahi njia nzima. Nilikuwa nafikiria nitakavyolisimulia barazani.

Wimbo wa pili ulipokwisha nikainuka, nikaenda jamvini, nikaifukua, nikaikung'uta. Ilikuwa moto hata kuishika tabu. Nikachomeka kinywa, nikaketi, Shaame akanipa ishara kwa kichwa, nikaufungua wimbo wa Zuwena.

Nilisikia kwa pumzi ya kwanza. Ndefu ilikuwa juu. Si juu ya kupotea, juu ya kuudhi, kama kiatu chenye mchanga. Tena kila nilivyopuliza pumzi zangu ziliipoza ikawa inashuka, kwa hiyo haikuwa mahali pamoja ambapo mtu angeweza kuifuata. Udi ukaingia, ukagongana nayo. Shaame akanyamazisha nyuzi, akazungusha kigingi, akajaribu kunifuata juu, na alipofika juu mimi nilikuwa nimeshateremka. Akaimba hivyo hivyo. Katika baiti ya tatu, pale anapolitaja jina la mwanawe, sauti ikamvunjika. Nami hapo hapo klarineti ikapiga yowe kama kuku aliyekanyagwa. Kwenye safu ya wakwe mtu akacheka. Shaame akaumaliza wimbo akiwa ameinamisha uso juu ya udi.

Tulipotoka alinijia pale penye mitungi ya maji. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimesikia kilichotokea, na kama ni yeye.

Hapo ndipo, Faki. Kupiga vibaya hakukuwa kitu, harusi ya wiki ijayo ingelifuta. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikamwambia, "Udi wako umelegea, ndugu yangu. Upepo wa pwani huo."

Akaniamini. Akaitikia kwa kichwa, akasema labda ni kweli, kwani hata yeye alihisi. Wiki ile akabadilisha nyuzi zote. Kisha akabadilisha vigingi. Kisha akaanza kuja mazoezini mapema akatega sikio juu ya mbao za udi peke yake, na akawa anamuuliza mwenye fidla kila dakika kama wako sawa, yeye ambaye zamani sisi sote tulikuwa tukimuuliza. Mwisho akaacha kuimba. Alisema masikio yake yamezeeka na hataki kuwachelewesha vijana. Alikuwa na miaka arubaini na mbili.

Siku ya pili baada ya harusi mama'ko alichukua Ndefu kuipangusa, kazi ambayo hajaiacha hata siku moja, ameninunia au hakuninunia. Akainua kitufe kimoja, akatoa karafuu chini yake. Karafuu moja nzima, kavu, ina kichwa chake. Akaona na ufa mwembamba kama unywele karibu na shingo, jua limeupasua mti. Aliniletea ile karafuu kwenye kiganja.

"Baba Faki, hino imeingiaje humu?"

Nikamwambia yote, maana kwa mama'ko sijawahi kuweza uongo wa muda mrefu. Aliposikia habari ya udi wa Shaame akasema niende nikamwambie, na kwamba yeye hatakwenda kunisemea. Nilisema nitakwenda. Nilikwenda baada ya miezi saba. Miezi saba yote ile karafuu ilikaa juu ya dirisha letu, ndani ya kisahani, na kila asubuhi nilipokuwa nakunywa chai nilikuwa nayo.  Mama'ko alifagia, akafuta vumbi dirishani, akainua kisahani, akakirudisha pale pale.

Siku niliyokwenda nilimkuta Shaame anapalilia muhogo. Nilisimama kwenye tuta nikasema kila kitu, karafuu, pazia, barazani, uongo, mpaka mwisho. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye aliweka jembe chini, akakaa juu ya mpini wake, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeletewa habari za kupona mgonjwa.

"Kumbe masikio yangu mazima," alisema.

Ndilo alilolisema. Kisha akatoka machozi, akacheka, akaniambia nikae nile muhogo. Usiku alikuwa akiamka, akaniambia, anagonga uzi mmoja gizani kusikia kama ameshakuwa kiziwi kabisa. Mimi nilikula muhogo wake. Mwaka ule akarudi kuimba. Wimbo wa Zuwena hakuuimba tena, na sijapata kuwa na uso wa kumuomba.

Nilidhani mtu akishalipitia jambo kama hilo mara moja amehitimu. Nilidhani hivyo kwa miaka kumi na saba, mwanangu.

Mwezi huu wote umekuwa ukifanya mazoezi chumba cha pili kwa Fupi peke yake, ukijaribu kuzipiga nyimbo za Ndefu kwa vidole vya Fupi. Nimekusikia. Ukuta wetu wa udongo hauzuii kitu. Siku za mwanzo nilisema moyoni, nzuri, ataona ugumu wake. Wiki ya pili nilianza kukaa dukani mpaka magharibi ili nisisikie. Juzi nilirudi mapema kwa sababu ya mvua, nawe ulikuwa jikoni na mama'ko, hukujua kwamba nimeingia. Ulimwambia kwamba Ami Shaame amekupigia udi asubuhi nzima na kila ukifika pale kwenye mteremko unaharibika. Ukasema, "Labda ni masikio yangu, mama. Labda miye sikuumbiwa haya."

Nilikuwa nimesimama na mwavuli mkononi unachuruzika. Sikuhitaji mtu anieleze nilipo. Nilikuwa pale penye mitungi ya maji, na mwanangu anabadilisha nyuzi ambazo hazina kosa.

Mama'ko alinifuata chumbani. Kumbe ameijua Ndefu iliko tangu siku ya pili, alifungua kasha kutafuta kitambaa cha foronya. Mwezi mzima amenitazama ninavyokula.

"Mara ile nilikungoja miezi saba," aliniambia. "Safari hino meli haingoji, Baba Faki."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia mwenyewe. Akasema kwamba angekwambia yeye ungeipata klarineti, lakini baba ungempoteza, na kwamba yeye alikuwa anataka uondoke na vyote viwili. Hilo nimelifikiria tangu juzi na bado sijalimaliza.

Sasa basi. Masikio yako mazima. Vidole vyako vizima. Kile ulichokuwa ukijaribu kukifanya mwezi huu hata yule Mgoa asingekiweza, na wewe ulikuwa umeshafika nusu yake. Shaame ameniambia hivyo jana, nilipokwenda kumweleza kwamba nimerudia kosa lile lile. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema niilete Ndefu, nami nikakiazima kinywa chako sandukuni bila ya wewe kujua, tukakaa tukailinganisha na udi wake mpaka adhuhuri. Ufa umekaa vile vile nilivyouziba kwa gundi na uzi wa hariri mwaka ule, haujasogea kwa upana wa sindano. Inaimba vizuri. Inaimba vizuri kuliko siku zote, au mimi ndiye niliyekuwa nimeikosa.

Utakaokwenda kupiga nao ni watu wazito. Wana noti zilizoandikwa, wana fidla nyingi, na wanasikiliza redio ya Kairo kama wengine wanavyosikiliza adhana. Siku hizi mjini, nasikia, na hapa kwetu pia si haba, mtu huulizwa chama chake kabla ya kuulizwa hali. Ukiulizwa jibu upendavyo, au usijibu. Lakini ukishakaa kwenye kiti cha okestra msikilize aliye pembeni yako, na ukikosea sema umekosea wewe, siku ile ile, kabla maji hayajakauka mdomoni mwa chombo. Inauma kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Mimi ninazo saa nyengine za kupimia, nawe umeshazisoma.

Na Ndefu usiiache ikalala chini peke yake. Hili ndilo la ufundi, ulishike. Huko huna pazia na huna mtu nyuma yake, na pengine siku moja utampata, Inshallah, na akijitolea kukupashia usimfukuze kwa sababu ya maneno ya barazani. Kwa sasa nimekushonea mfuko. Ndani nimetia sufi, na bitana yake ni ile kanga ya mama'ko, ile ile ya nyuma ya pazia. Imefifia, maandishi hayasomeki tena. Nilimuuliza mara mbili kama niikate. Alinipa mkasi mwenyewe. Uweke mapajani ukipiga Fupi, mkono wako mmoja ukipumzika uuweke juu yake. Hautakuwa kama mapaja ya mama'ko, lakini ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizozishona, na mishono yake inalingana.

Kinywa ni kimoja, kama nilivyokwisha kusema, nacho unacho wewe. Maana yake ni kwamba hapa nyumbani sina tena cha kupuliza. Nilidhani hilo litaniuma na kwa kweli limeniuma, tangu jana mpaka asubuhi ya leo. Mchana nikaiteremsha zumari ya babu yako kutoka darini, nikaipangusa, nikaijaribu nyuma ya nyumba. Mama'ko anasema kuku watatu wameruka ua. Shaame ameshanitumia salamu kwamba atakuja Jumamosi na udi, tuone kama zumari na udi vinaweza kukaa nyumba moja. Mimi niko radhi, Faki. Ningependa ulijue hilo melini, usije ukakaa huko mjini unanihurumia. Nimekaa mlangoni naandika, jua linashuka juu ya mihogo, wewe uko kwa Shaame unaaga, na moyo wangu una raha ambayo sikuwa nayo mwezi mzima.

Imebaki moja. Asubuhi ya safari, ambayo kwangu ninayeandika bado ni kesho, kabla ya kupanda gari, mama'ko alikupa furushi akakwambia ni mkate wa kumimina, usilifungue mpaka bahari iwe pande zote. Najua ulijiuliza ni mkate gani huo mrefu kama mkono, na najua hukuuliza, kwa sababu umelelewa vizuri.

Hajataka kuiweka Ndefu sandukuni. Tangu alasiri yuko pale ukumbini amekaa juu ya mkeka, ameipakata ndani ya mfuko wake, na amesema ataipakata mpaka gari lije. Nimemwambia kwamba kutoka hapa mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani mpaka katikati ya bahari, joto la mtu haliwezi kubaki kwenye mti. Amesema litabaki. Tumebishana sana, na hakuna aliyeshinda.

Basi lifungue furushi sasa, utie mkono, kisha utuandikie nani kati yetu amesema kweli.

Nami ni babako,
Kombo